Odeta na Mashine ya Nansio

Nimekuwa mwenyekiti wa kamati nyingi za harusi hapa Igogo, Mwanza, na watu wananichagua kwa sababu moja tu: nina mdomo. Nimewahi kumrudisha mpishi sokoni na kuku wake waliokonda. Nimewahi kumwambia mshereheshaji mbele ya ukumbi mzima akae chini, maana utani wake ulikuwa umevuka mpaka. Lakini kabla ya harusi ya Odeta sikuwahi kulazimika kujifunza jinsi seva moja inavyoifuatisha nyingine. Sasa najua, na mtu akinipa nafasi namweleza hata kama hakuomba.

Odeta ni mtoto wa kaka yangu Paulo, wa Kisesa. Alikuja kukaa kwangu alipoanza sekondari, akiwa na begi moja na tabia ya kuuliza "tangu lini". Ukimwambia maji yamekatika, anauliza tangu lini. Ukimwambia kichwa kinauma, tangu lini. Jirani yetu alipotangaza kwamba ameokoka, watu walisema amina, Odeta akataka kujua tangu lini. Ilinichosha, lakini ndiyo tabia iliyompa kazi. Alisoma mambo ya kompyuta chuoni, akarudi Mwanza, akaajiriwa na ushirika mmoja unaonunua dagaa kwenye mialo ya visiwani, kule mitumbwi inakoshusha samaki, na kuwauzia wafanyabiashara wa mbali. Ofisi yao iko Nyakato, katikati ya viwanda, vyumba vina viyoyozi na madirisha hayafunguliwi mwaka mzima. Cheo chake ni mtunza hifadhidata. Kule Kisesa walielewa kwamba ameajiriwa kwenye hifadhi, na mpaka leo kuna babu mmoja anayemuulizia hali ya tembo.

Kazi yenyewe nitaieleza kama alivyonieleza. Kila gunia la dagaa linalopimwa mwaloni, karani analiandika kwenye simu, na maandishi hayo yanakwenda kwenye seva kubwa ya Nyakato, ambayo wenyewe wanaiita mama. Seva nyingine iko Nansio, kisiwani Ukerewe, inaitwa nakala. Kila anachoandika mama, nakala inakirudia vile vile, kwa mpangilio ule ule. Wanunuzi wa visiwani wanasoma kwenye nakala kwa sababu iko karibu nao, na siku Nyakato ikiungua, Mungu apishie mbali, kumbukumbu zote zitakuwa salama Nansio. Ubaya ni kwamba nakala inaweza kubaki nyuma: mama ameshaandika magunia ya leo, nakala bado inahangaika na ya jana. Kwa hiyo kuna kipimo cha kuonyesha nakala imechelewa kiasi gani, na uchelewaji ukizidi dakika chache, simu ya Odeta inalia kengele, inayotumwa kwa laini ya simu, si kwa mtandao wa ofisi.

Kengele hiyo ilikuwa adui yangu. Kila mwezi, kwa siku kadhaa mfululizo, ililia mchana kutwa. Odeta akiisikia anaacha ugali, anafungua kompyuta, anapiga simu Nansio, na mara nyingine anapanda meli kwenda kutazama mwenyewe. Akifika anakuta mashine ni nzima kabisa. Anaizima, anaiwasha, anarudi. Siku zikipita inatulia yenyewe, halafu mwezi unaofuata inaanza tena. Ofisi ikabadilisha nyaya. Ikabadilisha betri. Ikabadilisha kampuni ya intaneti. Bosi wake, Injinia Machibya, alifika mahali pa kumshuku paka aliyekuwa akilala juu ya mashine ile kwa sababu ya joto lake. Akaamuru afukuzwe. Paka akahamia ofisi ya jirani, kengele ikaendelea kulia.

Sasa nije kwa Luhaga. Luhaga ana mitumbwi miwili ya dagaa huko Ukerewe, mitumbwi ya taa za sola. Ni mrefu, ni mpole, na maneno yake ni machache utadhani anayanunua dukani. Alikutana na Odeta ndani ya meli siku moja Odeta akienda kuiangalia mashine yake. Walikaa benchi moja, kengele ikalia karibu njia nzima, na yeye hakulalamika wala hakuhama. Nadhani hapo ndipo mtoto wangu alipompendea. Mahari ikatolewa, kaka Paulo akapokea ng'ombe wake akiwa na uso wa mtu anayejifanya hakuridhika, ikabaki tarehe tu.

Tarehe ilipangwa na upande wa Luhaga, na hapo hapakuwa na mjadala. Watu wa dagaa wanaoa wakati wa mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inahitaji giza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inapandishwa mchangani, watu wanashona nyavu, wanafanya vikao, wanaoana. Ukifunga ndoa wakati wa giza, siku ambazo mwezi haupo, utakula pilau na padri na akina mama peke yenu, wanaume wote wako ziwani au wamelala fofofo. Kwa hiyo wazee wa Luhaga walihesabu mwezi, wakachagua Jumamosi moja ya katikati. Tukakubali. Kamati ikawa moja kwa pande zote mbili, sherehe ikapangwa Nansio, na mimi nikakabidhiwa uenyekiti bila hata kura.

Odeta akaenda kuomba likizo, akanyimwa.

Injinia Machibya alikuwa ameshaona kwamba ugonjwa wa mashine unarudi kila mwezi, na alikuwa amepiga hesabu kwenye kalenda ya ukutani kujua utarudi lini tena. Wiki ya harusi ilikaa katikati ya alama zake nyekundu. Alimwambia Odeta kwa upole kwamba wiki hiyo mashine itakuwa inaumwa, na daktari wake ni yeye peke yake, achague wiki nyingine yoyote. Wiki nyingine zilikuwa za giza. Na tukisogeza mpaka mbalamwezi ya mwezi unaofuata, tunakutana na alama nyekundu nyingine. Odeta alirudi nyumbani, akavua viatu mlangoni, akalia kama mtoto. Alisema ataolewa na kompyuta, aachwe.

Wewe unayesoma pengine umeshaona kilichokuwa kinatendeka. Subiri kidogo kabla hujatucheka. Sisi wote tumezaliwa na kukulia pembeni mwa ziwa hili, na hakuna aliyeona.

Mimi nilivaa kitenge changu cha vikao, nikachukua kadi ya mwaliko, nikaenda Nyakato kupambana. Nilijiandaa kumkuta mtu mkorofi. Injinia Machibya akasimama akanipa shikamoo, akanivutia kiti, akaagiza soda. Ni vigumu kugombana na mtu aliyekuagizia soda. Akanigeuzia kioo cha kompyuta nione mwenyewe: mstari unaotambaa chini siku nyingi, halafu ghafla unaanza kupanda, unapanda, unaanguka mpaka chini, unapanda tena, meno matupu kama ya msumeno. Akaeleza kwamba hayo meno ni uchelewaji, saa nyingi kabisa, na kama Nyakato ingepata ajali katika siku hizo, hajui magunia mangapi ya watu yangepotea. Hakuwa anamkomoa Odeta. Alikuwa anaogopa kweli, na hofu yake niliielewa. Nikatoka na soda tumboni, likizo sina.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Odeta alikuja kibandani kwangu kupima gauni. Mimi ni fundi cherehani, gauni la mtoto wangu nisingempa mtu mwingine ashone. Nilimsimamisha juu ya kigoda, nikamjaza pini kuanzia mabegani mpaka kiunoni, na kazi yote hiyo aliifanya ngumu kwa sababu alikuwa amenuna. Mara hii haikuwa likizo tu. Luhaga alikuwa hajaandika ujumbe tangu Alhamisi. Odeta alitoa simu mkobani, akatazama saa, akairudisha, akapiga hesabu, akatangaza kwamba zimepita siku tatu, na kwamba mwanamume anayekaa kimya siku tatu nzima harusi ikikaribia ameshaanza kurudi nyuma. Nikamwambia asimame wima.

Luhaga akatokea mlangoni. Alikuwa amevuka na meli ya asubuhi kuja kupimwa suti, kama tulivyopanga, kanyoa vizuri, anatabasamu. Akanisalimu mimi kwanza. Kisha akamgeukia mchumba wake.

"Umechelewa siku tatu," Odeta akamwambia, hata salamu hakuitikia.

Luhaga akafikiri. "Nimechelewa nini? Alhamisi nilikwambia tumepandisha mitumbwi, mama hajambo, Jumapili nakuja kupima suti. Leo Jumapili. Mitumbwi bado iko mchangani na mama bado hajambo. Ulitaka niandike nini?"

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mpigo. Nilishika futi mkononi nikisubiri Odeta amjibu, maana majibu anayo. Badala yake alikuwa amekodoa macho kwenye ukuta ambao hauna kitu.

"Kwa hiyo sijapitwa na chochote," akasema taratibu.

"Hujapitwa na chochote."

"Mitumbwi mmeipandisha tangu lini?"

Luhaga akasema tangu Jumatano, mwezi ulipokuwa umeshakua, wao na mialo yote ya jirani. Odeta akahesabu kwa vidole. Kengele ya mashine ilikuwa imeanza kulia Alhamisi asubuhi, na ilikuwa inalia hata wakati ule, ndani ya mkoba, nimeufunika kwa mto. Alishuka kwenye kigoda, akakaa chini na gauni langu jeupe juu ya sakafu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka pini ikamchoma, akapiga yowe, akaendelea kucheka. Luhaga alinitazama kama anauliza kama bado kuna nafasi ya kurudishiwa ng'ombe.

Tulipomtuliza akatueleza, na hapo ndipo nilipoelewa. Kila kitu ambacho mama anaandika kina saa yake, kama barua inavyogongwa muhuri wa tarehe. Nakala ikitaka kujua imechelewa kiasi gani, inachukua saa ya sasa hivi, inatoa saa ya kitu cha mwisho ilichokirudia. Tofauti ndiyo inaitwa uchelewaji. Wakati wa giza kipimo hicho ni kizuri sana, kwa sababu magunia yanaingia mfululizo kutoka kila mwalo, na kitu cha mwisho huwa ni cha punde tu. Lakini mbalamwezi inapofika hakuna mtumbwi, hakuna gunia, mama hana cha kuandika. Nakala imerudia kila kitu, imemaliza, imekaa inasubiri. Saa inaendelea kutembea, kitu cha mwisho kinazidi kuzeeka, na kipimo kinapiga kelele kwamba tumechelewa. Mtu mmoja akipima gunia moja la dagaa wa zamani, mstari unaanguka mpaka chini, kisha unaanza kupanda upya. Ndiyo yale meno ya msumeno niliyoonyeshwa.

Kwa ufupi, mashine haikuwa inaumwa. Ilikuwa imekosa habari mpya, sawasawa na Luhaga.

Nilishika kichwa. Kila mwezi, wakati wa mbalamwezi, mimi nasimama sokoni nikiwatukana wachuuzi kwa jinsi fungu la dagaa linavyopungua. Odeta anakaa jikoni kwangu akinisikiliza nikilalamika, na simu inalia pembeni yake. Kule Nyakato wafanyakazi wote ni watu wa kanda hii hii, hakuna asiyejua mwezi unavyomfanyia mvuvi. Ila walikuwa wanajua hilo wakiwa nyumbani, na wakiingia ofisini wanaliacha nje ya yale madirisha. Ujinga ulikuwa wetu sote na tuliugawana vizuri.

Jumatatu Odeta alilipeleka jambo hilo kwa bosi wake. Kabla ya kusema lolote alimwonyesha kitu kimoja: mahali mama alipofikia kuandika, na mahali nakala ilipofikia kurudia. Palikuwa pamoja, neno kwa neno, wakati kengele inalia kwamba wamepishana kwa saa nyingi. Kisha akamwambia habari ya mwezi. Injinia Machibya, ambaye mama yake mzazi anaanika dagaa kwenye mwalo mmoja upande wa Magu, aliigeukia kalenda yake ya ukutani. Odeta anasema hakuona aibu wala hasira usoni mwake. Aliona huruma.

"Jamani, yule paka," akasema.

Lakini Machibya ni mtu makini, na hapo namheshimu. Alisema amekubali kwamba leo nakala haijachelewa, ila kulinganisha mahali zilipofikia kunamwambia kazi iliyobaki ni nyingi au kidogo, hakumwambii imechelewa kwa muda gani. Alitaka kipimo kinachosema kweli wakati wa giza na wakati wa mbalamwezi pia. Kipimo kinachotulia tu hakimtoshi, maana hata maiti imetulia. Akampa Odeta sharti: mbalamwezi inayokuja, ile ya mwisho kabla ya harusi, kengele isilie bila sababu, na ikiwa na sababu ilie. Akifanikiwa, likizo anayo.

Odeta alifanya jambo ambalo ukisikia unaona ni dogo. Alimpa mama kazi ya kuandika saa, basi. Kila sekunde, kuwe na dagaa kusiwe na dagaa, mama anaandika mahali pamoja: sasa ni saa fulani. Nakala inairudia kama inavyorudia kila kitu. Kisha nakala inatazama saa yake yenyewe, inatoa ile iliyoletwa na mama. Ikiwa tofauti ni sekunde moja, imechelewa sekunde moja. Mitumbwi ikilala wiki nzima, bado kuna habari mpya kila sekunde. Wenyewe wanaita mapigo ya moyo. Nikamwambia hilo hata mimi ningelifikiria. Akasema ndiyo, shangazi, kila mtu anasema hivyo baada ya kuelezwa.

Siku ya kwanza kipimo kipya kilitoa namba ya chini ya sifuri. Maana yake, nakala ilikuwa inapokea habari kabla mama hajaiandika. Ofisi nzima ilikuja kutazama. Machibya akauliza kama mashine ya Nansio imeanza uganga, na kama inaweza kumtabiria matokeo ya mpira. Odeta alikasirika kwanza, halafu akaelewa: saa ya mashine ya Nansio ilikuwa nyuma ya saa ya Nyakato. Kutoa saa ya mtu mmoja kwenye saa ya mtu mwingine kuna maana pale tu saa hizo zinapokubaliana. Akazifanya zote mbili zichukue majira kutoka mahali pamoja, na uganga ukaisha siku hiyo hiyo.

Mbalamwezi ikaingia. Mitumbwi ikapanda mchangani, bei ya dagaa ikapanda sokoni, simu ikanyamaza. Siku ya kwanza Odeta alifurahi. Siku ya pili akaanza kuitazama simu kwa wasiwasi. Siku ya tatu alikuwa ananikera kuliko alipokuwa akikimbizwa na kengele, maana kila mara aliishika, akaigeuza, akaisikiliza. Nilimwambia alitaka kimya, kimya ndicho hicho. Akasema hajui kama ni kimya cha uzima au cha kitu kilichokufa. Machibya naye alilijua hilo. Alikuwa amempigia mlinzi wa ofisi ya Nansio na kumwomba achomoe waya wa mtandao siku atakayoambiwa, na Odeta asijue ni lini.

Ilikuwa alasiri, tuko kwenye kikao cha kamati kibandani kwangu, tunabishana kuhusu rangi ya vitambaa vya meza. Simu ikalia. Odeta akaikamata, akasoma, akaruka juu na kunikumbatia mpaka miwani yangu ikaanguka. Alikuwa anapiga vigelegele. Mjumbe mmoja alidhani mchango mkubwa umeingia, naye akapiga vigelegele. Tukawa tunashangilia kengele niliyoichukia mwaka mzima. Muda mfupi baadaye waya ulirudishwa, simu ikatulia, na kabla kikao hakijafungwa Machibya alituma ujumbe: likizo imekubaliwa, na katika siku hizo kengele itahamia kwenye simu yake mwenyewe.

Kwa hiyo tukavuka kwenda Nansio, meli nzima imejaa ndugu zetu wa Kisesa, ambao wengine hawakuwahi kupanda meli na walishika nguzo njia nzima. Misa ilikuwa nzuri. Gauni lilikaa vizuri, nasema mwenyewe kwa sababu nilisikia wengine wakisema. Sherehe ilianza jua likiwa bado juu, kwenye uwanja uliozungushiwa maturubai karibu na gati. Machibya alikuja na mkewe na zawadi kubwa iliyofungwa vibaya. Wavuvi walikuwepo wote, wamevaa mashati meupe, wamejaa safu kwa safu, jambo ambalo wakati wa giza usingeliona.

Tatizo likawa umeme. Chenge, kijana wa muziki, alileta spika za kutosha kuamsha mkoa, na umeme wa uwanja haukuziweza. Alikuja kwangu anatoka jasho. Nikamwambia mimi ni mwenyekiti, sitaki kusikia habari ya umeme, nataka kusikia muziki, atafute. Akatafuta. Baada ya muda spika zikanguruma, bwana na bibi harusi wakafungua dansi, na watu wakajaa uwanjani mpaka vumbi likapanda. Nilijipongeza kimoyomoyo.

Dansi likiwa limenoga nikamwona Machibya, sahani ya pilau magotini, akitoa simu mfukoni. Akasoma. Akaacha kutafuna. Odeta alikuwa amemwona pia. Kutoka meza kuu alikuwa anamtazama hivyo hivyo, na nikamwona anakusanya gauni ainuke. Niliona harusi yote niliyoipanga ikiondoka uwanjani na bibi harusi anayekimbilia seva.

Machibya alifika kwake kabla hajapiga hatua. "Kaa, bibi harusi. Leo mashine ni yangu, wewe ni wa hapa."

Akatoka. Ofisi yao ilikuwa jirani tu na uwanja wetu, na alikawia kwa sababu ilibidi kwanza amtafute mlinzi mwenye ufunguo, ambaye alikuwa kwenye foleni yetu ya chakula kwa mara ya pili. Waliporudi muziki ulikuwa umekatika ghafla, na Machibya alikuwa ameshika plagi ya waya mrefu mkononi. Akauliza, bila ukali, waya huu ni wa nani. Chenge akanitazama mimi. Kamati nzima ikanitazama mimi. Chenge alikuwa ameomba umeme kwa mlinzi, mlinzi akakosa soketi iliyo wazi, akachomoa ruta ya mtandao ili spika za harusi zipate pa kuchomekwa.

Mimi na mdomo wangu, nilitaka ardhi inimeze na kitenge changu. Lakini Odeta hakunitazama hata kidogo. Alikuwa amesimama, shela imemwendea upande, anamtazama bosi wake.

"Imechelewa kweli?" akauliza.

"Kweli kabisa. Dakika ishirini na mbili." Machibya akajikuna kidevu. Kwa kuwa sasa alijua mbalamwezi mashine hazina kazi, asubuhi ile alikuwa ameanza kuhamishia kwa mama kumbukumbu za miaka yote ya nyuma, na nakala ilikuwa na mzigo mkubwa wa kurudia. "Nimerudisha ruta. Imeanza kufukuzia. Ikimaliza tutaona namna ya umeme."

Watu walianza kunong'ona, wapo waliodhani kuna msiba. Odeta akageuka, uso umemng'aa kuliko alipokuwa kanisani.

"Inasema kweli," akamwambia Luhaga. "Umeona? Mbalamwezi hii hii, na inasema kweli."

Luhaga alimshika mkono akamrudisha uwanjani, pasipo na muziki wowote, akaanza kupiga makofi. Wajomba zake wakaingia na wimbo wa kuvutia nyavu, wa sauti tupu, na dada zetu wa Kisesa wakaudaka. Machibya alibaki amesimama penye mlango wa turubai, simu mkononi. Mtu mmoja akamuuliza imebaki ngapi. Akasema kumi na tisa. Dakika moja baadaye akaulizwa tena, akasema kumi na nne. Basi ikawa hivyo: wimbo ukifika mwisho, uwanja mzima unauliza ngapi, Machibya anataja, wanaitikia ile namba na kuendelea kucheza. Wavuvi waliitaja, padri aliitaja, babu wa tembo aliitaja. Nina hakika wengi hawakujua wanahesabu nini. Kaka Paulo akaja kuniuliza sikioni tunasubiri nini. Nikamwambia Nansio ilibaki nyuma, sasa inaikuta Mwanza. Akaona ni sababu ya kutosha, akarudi kuhesabu.

Tano. Tatu. Moja. Hapo wimbo ukasimama kabisa, kila mtu amemkodolea macho Machibya, na Odeta katikati yao ameshika gauni kwa mikono miwili, anahema, jasho limeharibu vipodozi vyote tulivyolipia.

"Sekunde moja," Machibya akasema. "Wako pamoja."

Sijui nielezeje kelele zilizofuata. Luhaga alimwinua mkewe juu, na kwa mara ya kwanza tangu apate kazi ile, Odeta alisikia namba kisha hakuuliza swali la pili. Mwenyekiti hatakiwi kulia kabla ya keki kukatwa. Mimi nililia, na nikamwambia Chenge akitangaza kwa mtu yeyote nitamkata malipo.